Sakafu Isiyogusa Ukuta

Mtu wa sakafu huijua nyumba kwa magoti. Wageni wakiingia hutazama mapazia na picha. Yeye hutazama pale chini ukuta unapokutana na sakafu, kwa kuwa uongo wote wa mjenzi umelala pale. Fundi huyu alikuwa na magoti meusi, magumu kama visigino, na alikuwa na mzaha wake kwamba siku akifa wasimlaze chali, wamlaze kifudifudi, maana ndivyo alivyoizoea dunia. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu, alimkanya asiseme maneno hayo mbele za watu. Aliyasema vivyo hivyo.

Watu walimwita Unywele. Jina hilo halikutokana na kichwa chake, kwa kuwa upara ulimwingia angali kijana. Alilirithi kwa baba yake, seremala wa milango na makabati. Mzee huyo kila alipomaliza kuunga mbao mbili aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akajaribu kuupitisha kwenye kiungo. Ukipita, kiungo kinavunjwa na kazi inaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni na mkokoteni wa kubebea kabati lake. Mwana alipoacha milango akashika sakafu, desturi ile alikwenda nayo, ila nywele za kupimia hakuwa nazo.

"Mwalimu," alikuwa akimwambia mkewe asubuhi kabla ya kutoka, "nikopeshe mmoja."

"Utanimaliza. Utaona siku moja umeoa mwanamke mwenye upara."

"Tutafanana. Si ndiyo ndoa hiyo?"

Katika ukoo ule mwanya ulikuwa aibu, kama mtu kutoka nje na vifungo vya shati wazi. Wengine husema usipoziba ufa utajenga ukuta wakiwa wanaonyana tu. Kwa kina Unywele ilikuwa sheria ya nyumba. Ndiyo maana watu waliwaamini. Fundi aliwahi kung'oa vigae vilivyokuwa chini ya kitanda cha mteja, mahali ambapo hata mfagio haukufika, kwa sababu alikumbuka akiwa kwake mezani kwamba kimoja hakikukaa sawa. Mteja hakutaka. Fundi alimwomba kama mtu anayeomba msaada.

Mtu aliyempenda kuliko wote, baada ya watu wa nyumbani mwake, alikuwa Dada Mkubwa. Mama yao alifariki mapema, na dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfunga kamba za viatu, akamchapa alipotoroka shule. Sasa alikuwa mjane, mwenye maneno makali na moyo laini, akiishi ghorofani katika nyumba ya kupanga ya mtaa wenye kelele za kawaida. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na alitembea kwa magongo mawili. Kliniki yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikwenda mwenyewe, akarudi mwenyewe, akajipikia, akafungua mlango wake mwenyewe. Kwa mtu wa umri wake hiyo ni mali kubwa.

Chini yake aliishi nesi. Huyu alifanya kazi usiku, akilala mchana, na chumba chake cha kulala kilikuwa sawasawa chini ya njia ambayo Dada Mkubwa aliipita kutoka kitandani kwenda jikoni. Sakafu ilikuwa ya vigae juu ya zege jembamba. Gongo likigusa juu, chini lilisikika kana kwamba mtu anabisha hodi kichwani. Ko. Ko. Halafu kimya, mtu anaanza kusinzia. Ko.

Nesi hakuwa mtu mbaya. Mwanzoni alikuwa akimpandishia bibi huyo mzigo wa sokoni. Alimnunulia mipira mipya ya kuvalisha ncha za magongo. Ikapunguza ukali wa sauti, mshindo ukabaki. Wakajaribu zulia, Dada Mkubwa akajikwaa, na daktari akasema zulia litoke leo hii. Kisha asubuhi moja nesi alijikuta amesimama wodini na sindano mkononi, asikumbuke ni ya mgonjwa yupi. Hakumchoma mtu. Aliiweka chini, akaenda akanawa uso, na alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba naye akatoa neno lake: mwisho wa mwezi, mama wa juu atafute pengine.

"Pengine wapi?" Dada Mkubwa alimwuliza mdogo wake. "Mwanangu anataka nikaishi kwake huko mbali. Nikakae kwenye kiti nitazame mlango, nimngoje mkwe aniletee maji. Mimi!"

"Hutakwenda popote, dada."

"Unasema kwa mdomo au kwa mikono?"

"Kwa mikono."

Fundi alikwenda kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kutengeneza sakafu nyingine juu ya ile. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa tahadhari, mwenye desturi ya kugonga meza kila alipomaliza sentensi.

"Zege jipya siruhusu," alisema. "Nyumba hii mzee. Mzee hatwishwi gunia."

"Siweki zege. Nataka sakafu nyepesi. Ya mbao, inaelea juu ya mikeka ya mpira."

"Inaelea? Kwani ghorofani kuna maji?"

"Inalala juu ya kitu laini, haishikani na kitu."

Mwenye nyumba aliwaza, akagonga meza. "Haya. Ikinyamaza, dada yako anabaki. Isiponyamaza, usije tena kunililia hapa."

Siku ya kununua vifaa mkewe alifuatana naye, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mwenye duka la mikeka ile alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, aliyeijua bidhaa yake vizuri. Aliwaeleza kama anayeeleza njia.

"Kelele ya mdomo inapita hewani. Ukifunga dirisha inapungua. Lakini gongo likigusa sakafu, sauti inaingia ndani ya zege lenyewe, inatembea humo. Huwezi kuifungia mlango. Unainyima njia. Chini weka mkeka huu, juu yake plaiwudi tabaka mbili, zishikane zenyewe kwa gundi na skrubu fupi. Skrubu isifike chini, ikifika umeipa daraja. Na pembeni, fundi, acha mwanya wa kidole kuzunguka chumba chote. Sakafu isiguse ukuta popote."

"Mwanya?" Fundi aliuliza kana kwamba ametukanwa.

"Wa kidole."

"Kidole cha nani?"

Mwenye duka alitazama vidole vya fundi, akacheka. "Si hicho, hicho ni mguu. Kidole cha mama hapo kinatosha. Unajaza ukanda huu wa sponji, halafu skatingi yako unaipigia ukutani tu, isikanyage sakafu."

Skatingi ni ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, na kwa Unywele ndiyo ilikuwa sahihi yake. Watu waliitambua kazi yake kwa skatingi.

Njiani mkewe alimwuliza, "Umemsikia alivyosema kuhusu pembeni?"

"Nimemsikia. Hayo ni maelekezo ya mafundi wasiojua kukata mbao. Mtu akijua atakata ovyo, anaambiwa aache nafasi."

"Hakusema hivyo."

"Mwalimu, mkeka ndio unaonyamazisha. Mwanya unanyamazisha nini? Mwanya ni hewa."

Mkewe alimjua mumewe. Alisema mara moja, akanyamaza, kama inavyompasa mke ambaye ameshasikiwa.

Kazi ilikwenda vizuri. Dada Mkubwa alihamia kwao kwa muda, akawa anasahihisha mapishi ya wifi yake, wakataniana mpaka majirani wakasogea kusikiliza. Kule ghorofani Unywele alitandaza mikeka bila kuacha upenyo, akapanga plaiwudi kwa kupishanisha viungo, akapima kila skrubu kabla ya kuikaza ili isitoboe. Katika yote hayo alimfuata mwenye duka neno kwa neno. Ila alipofika ukutani, mikono yake ikafanya ilichofunzwa. Alikata mbao zikakaa kwenye ukuta kama yai kwenye ganda. Ukanda wa sponji aliuacha kwenye mfuko wake. Kisha akaweka skatingi, akaikandamiza kwa uzito wa mwili wake, akaipigilia. Akapima kwa unywele wa mkewe kuzunguka chumba chote. Haukupita.

Mwenye nyumba alikuja kuona. Alitembea kwa soksi, akainama, akapitisha kucha pembeni.

"Hii ni kazi," alisema. "Hii hata mdudu akitaka kuingia ataomba ruhusa."

Asubuhi fundi na mkewe wakamrudisha Dada Mkubwa kwake. Nesi alikuwa ametoka zamu, macho mekundu. Alikwenda kulala. Bibi akaondoka kitandani kwenda jikoni.

Haikuchukua muda, mlango ukabishwa. Nesi alikuwa amesimama nje na shuka begani. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza fundi.

"Imepungua," alisema kwa adabu. "Siwezi kusema uongo, imepungua. Lakini bado nasikia. Sasa inakuja kama mtu anagonga akiwa chumba cha pili. Pole, fundi. Naona umefanya kazi kubwa."

Dada Mkubwa aliketi. Alianza kutazama vitu vyake kimoja kimoja: kabati, sufuria, saa ya ukutani, kama mtu anayehesabu vitakavyoingia kwenye gari.

Mwenye nyumba, aliyekuwa amepanda kusikia matokeo, ndiye aliyemwonyesha fundi mlango wa kutokea katika lawama. "Mikeka mibovu hiyo," alisema. "Kazi yako haina dosari, kila mtu anaona. Mrudishie mwenye duka mpira wake, mwambie amekuuzia takataka. Jina lako halina doa. Ila dada yako, ndiyo hivyo, tulikubaliana."

Maneno hayo yalikuwa matamu. Yalilinda jina la baba na la mwana, na mwenye duka hakuwepo kujitetea. Mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha. Fundi alitazama skatingi yake iliyonyooka kama mstari wa daftari.

"Nesi," alimwambia yule binti wa chini, "niruhusu nishuke kwako. Nataka kusikia unachosikia."

Alishuka, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba cha nesi. Juu mkewe alishika magongo ya wifi yake, akatembea nayo huku na huku, mzito mzito, kama alivyoagizwa. Fundi alipanda kiti, akaweka kiganja kwenye dari. Dari lilikuwa limetulia. Akashuka, akaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa unazungumza. Ko. Ko. Akaenda ukuta wa pili. Nao. Akaenda kila pembe akiwa amefumba macho, na kila alipoweka sikio alisikia gongo likishuka kwa njia ile ile: kutoka kwenye mbao kwenda kwenye skatingi, kutoka kwenye skatingi kuingia ukutani, kutoka ukutani mpaka kwenye mto wa yule binti. Mkeka ulikuwa umefunga mlango wa mbele. Yeye mwenyewe, kwa ustadi wake wote, alikuwa amefungua milango ya nyuma pande zote nne.

Alikaa kwenye kiti cha nesi muda kidogo. Nesi alimletea maji ya kunywa. Ndipo akapanda juu.

"Mikeka ni mizima," alimwambia mwenye nyumba. "Kosa ni langu. Niliambiwa niache nafasi pembeni, nikaona aibu."

"Fundi, hakuna aliyekushitaki."

"Najua. Ndiyo maana nasema mwenyewe."

Akachukua mtaimbo mdogo, akapiga magoti, akaingiza ncha nyuma ya skatingi, akaing'oa mbele ya macho yao. Ililia kama mlango uliokauka. Mwenye nyumba alishika kichwa. "Kitu kizuri hivyo!"

Dada Mkubwa aliacha kuhesabu vitu vyake. "Baba alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba mpaka ukuta umeanza kusengenya."

Fundi alicheka, akiwa bado amepiga magoti, na macho yake yana maji. Watu wengi hujua kutengeneza. Wanaojua kubomoa kilichosifiwa, wakati msifu angali amesimama chumbani, ni wachache sana, na huyu alikuwa mmoja wao.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kwake kuliko ya kwanza, kwa kuwa alikuwa anapigana na mikono yake. Alichora mstari kuzunguka chumba chote, akaukata ukingo wa sakafu kwa msumeno, mbao nzima zisizo na kosa zikawa vipande vya kutupwa. Mkewe alikwenda naye. Kila baada ya hatua fundi alisimama akasema, "Mwalimu, kidole." Naye aliinama, akaingiza kidole chake cha mwisho kati ya mbao na ukuta. Kikipita bila kusugua, wanasogea. Kikikwama, msumeno unarudi.

"Leo umeacha nywele umehamia vidole," alimwambia. "Nikitoka hapa nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi."

"Hasara tupu."

Walifanya hivyo mpaka mlangoni, ambako ubao wa kizingiti nao ulikuwa umegusa. Mpaka kwenye bomba la maji lililotoboa sakafu pembeni ya jikoni, ambalo fundi alilikatia duara pana akalivika sponji kama mtoto anayevikwa sweta. Ukanda ukajazwa pande zote. Skatingi zikarudi ukutani, safari hii zikiwa zimeinuliwa kidogo, kiasi cha kupitisha kadi. Ukilala kifudifudi uliona mstari mwembamba wa giza ukizunguka chumba chote. Fundi hakuweza kuutazama kwa muda mrefu. Aligeuza uso kama mtu aliyekuta jirani anaoga.

Tangu hapo ndivyo alivyofanya kazi za namna hiyo, na watu walimcheka. "Unywele siku hizi anaacha mianya!" Hakubishana nao. Alimshika mteja mkono, akampeleka chumba cha chini, akamwambia asikilize kwanza. Wala hakuahidi asichokiweza. Alisema wazi kwamba sakafu nyepesi hunyamazisha kisigino, gongo na kiti kinachoburutwa. Lakini mtu mzito akiruka juu, mngurumo wake utasikika kidogo chini, na anayetaka usisikike kabisa amwambie mtu huyo asiruke. Kwa mwenye duka alikwenda siku ile ile aliyomaliza kwa dada yake, akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mwenye duka alimwambia, "Wengi huniletea mikeka kunitupia usoni. Wewe wa kwanza kuniletea salamu."

Lakini turudi kwa Dada Mkubwa. Alirudi kwake asubuhi kama mara ya kwanza, nesi akaingia kulala kama mara ya kwanza, na mwenye nyumba alikaa kwenye ngazi akingoja, kwa kuwa hakutaka kupanda tena bure. Bibi alikwenda jikoni. Akarudi. Akaenda tena, kwa makusudi. Fundi na mkewe walikaa wamekaza macho mlangoni. Hakuja mtu. Mwenye nyumba alichoka, akaenda zake. Bibi alipika, akaosha vyombo, akatembea chumba kizima kama askari wa zamu. Hakuja mtu.

Alasiri mlango ukabishwa kwa nguvu. Dada Mkubwa alifumba macho. "Haya," alisema. "Mfungulieni. Maboksi nitaanza kufunga kesho."

Nesi aliingia mbio, nywele zimevurugika, alama ya mto shavuni.

"Mama! U mzima?"

"Mzima. Umekuja kunifukuza mwenyewe?"

"Nimeamka nikasikiliza, kimya. Nikasikiliza tena, kimya. Nikasema, ameanguka, yuko chini huko peke yake na mimi nimelala kama gogo." Akajishika kifua, akavuta pumzi, kisha akamgeukia fundi. "Fundi, umenipa usingizi, lakini umeniondolea habari zake. Akianguka kweli nitajuaje?"

Fundi alikuna upara. Katika yote aliyoyawaza, hilo hakuliwaza.

"Unataka nirudishe kelele?"

"Thubutu!"

Dada Mkubwa alianza kucheka, polepole, halafu mwili mzima ukatikisika mpaka ikabidi ashikwe. "Mlitaka kunihamisha kwa sababu nagonga. Leo mnanitafutia pa kugongea!"

Walijaribu bomba la maji, lakini fundi alikuwa amelivika vizuri mno. Hatimaye mkewe alichukua mwiko wa bati, akaugonga kwenye nondo za dirisha, nondo ambazo zilishuka ukuta mzima wa nje kutoka dirisha la juu hadi la chini. Nesi alishuka chumbani kwake kusikiliza. Dada Mkubwa akapokea mwiko, akagonga mwenyewe, akagonga tena, akapandwa na furaha akaendelea kugonga.

"Umesikia, mwanangu?" alipaza sauti dirishani.

Sauti ya nesi ilipanda kutoka chini, nzito kwa usingizi. "Nimesikia, mama. Nimesikia sana. Sasa weka mwiko chini, nilale kidogo kabla ya zamu."